Makofi Si Kura

Revocatus aliniuza, na aliniuza kwa kutumia katiba tuliyoiandika pamoja. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu kila ninapolisimulia watu hunikatiza wamtetee: ooh, Mwenyekiti alikuwa mtu wa watu, ooh, kipindi kile kilikuwa kigumu. Kigumu kwa nani? Yeye alibaki Guangzhou. Mdogo wangu Lusajo ndiye aliyepandishwa ndege akiwa na begi moja na kandambili miguuni.

Ulikuwa mwaka 2009. Nilikuwa nanunua nguo za kike kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu na kuzituma Mbeya, na Lusajo alikuwa amekuja kunisaidia huku akitafuta chuo. Yule mtoto ana kichwa chepesi, si kama mimi ninayekumbuka bei tu. Mwezi wa tano akapata nafasi ya kusoma uhandisi wa umeme, masomo yaanze Septemba. Shida ilikuwa viza. Tangu mwaka wa Olimpiki, kuongeza viza kulikuwa kazi kama kung'oa jino, na yake ikaisha kabla chuo hakijatoa karatasi zake. Alihitaji wiki chache tu. Karatasi zikitoka, angelipa faini, angetoka kwa miguu yake mwenyewe hadi Hong Kong na kurudi mwanafunzi halali. Akikamatwa kabla ya hapo, angefukuzwa na kupigwa marufuku ya miaka, na chuo kwaheri.

Wiki hizo zilikuwa na ngao moja, nayo ni ibara ya tisa ya katiba ya Umoja wetu.

Umoja wenyewe haukuwa na usajili wala ofisi. Tulikuwa Watanzania, wafanyabiashara na wanafunzi, tunaokutana Jumapili mchana kwa Mama Getrude, mgahawani kwake Dengfeng, kwenye uchochoro ule wenye vibanda vya simu na wabadilisha fedha. Kabla ya katiba tulikuwa tunaendeshwa kwa sauti. Mwenye sauti kubwa ndiye mwenye hoja. Mkutano ukifika pagumu, mtu anasema, "Basi wajumbe, tupitishe kwa makofi," watu wanapiga makofi, chakula kinaletwa. Ndivyo tulivyolelewa. Nyumbani kuanzia kamati ya harusi mpaka chama cha ushirika, jambo likipigiwa makofi limepita, na anayehoji anaonekana mchawi.

Revocatus ndiye aliyekuja kutuambia kwamba makofi si kura.

Alikuwa Mhaya wa Muleba, wakala wa kusafirisha mizigo, lakini kwa taaluma mwanasheria, na kwa vile ni Mhaya hukuhitaji kukaa naye muda mrefu ili ulijue hilo. Alisomea Minsk. Alikwenda mwaka 1990 kwa ufadhili wa Umoja wa Kisovieti, na kama alivyopenda kusema, alilala katika nchi moja na kuamka katika nyingine bila kuhama kitanda. Bendera ilishuka, fedha za ufadhili zikawa karatasi za kufungia karanga, lakini mhadhiri wake wa sheria ya katiba alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto uzeeni. Nchi mpya ingepata katiba mpya. Mwaka 1994 ikapatikana, ina bunge, ina mahakama ya katiba, ina ukomo wa vipindi viwili kwa rais. Mhadhiri aliwasomea darasani ibara moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayeonja pilau.

"Miaka miwili tu, Dada Dainess," Revocatus aliniambia siku tulipokaa kuandika ya kwetu. "Miaka miwili, ikafumuliwa. Na haikufumuliwa na vifaru. Ilifumuliwa na kura ya maoni. Watu walikuwa wamechoka. Bei zimepanda, kazi hakuna, mtu mmoja anasema nipeni nguvu niwanyooshee mambo. Wakampa. Mwaka 2004, mimi nimeshaondoka, wakapiga kura nyingine, na ule ukomo wa vipindi viwili nao ukaenda. Kila kitu kwa utaratibu. Unaielewa hiyo? Hakuna aliyevunja katiba. Waliiambia ijivunje yenyewe."

Alipofika hapo machozi yalimlengalenga, na mimi, mwanamke wa Tukuyu nisiyelia ovyo, nilimwamini mtu huyo kuliko nilivyomwamini mchungaji wangu. Mama Getrude alileta samaki, wakapoa mezani, sisi tunaandika. Ibara ya nne aliiandika yeye kwa mkono wake: hakuna azimio litakalopita kwa makofi, kura itapigwa kwa kunyoosha mikono, mikono itahesabiwa na Katibu, na kubadili katiba kutahitaji theluthi mbili. Ibara ya tisa niliipendekeza mimi: hakuna mwanachama atakayetajwa kwa polisi kabla ya kusikilizwa na mkutano na kupewa muda wa kurekebisha mambo yake. Akaisoma, akaniangalia kwa heshima. "Hii ndiyo roho ya waraka wote," akasema. Yeye akachaguliwa Mwenyekiti, mimi Katibu. Kwa mikono, si kwa makofi. Nilihesabu mwenyewe.

Basi, mwezi wa saba hali ikachafuka. Wanaijeria walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Guangyuan Xilu baada ya mwenzao kuruka ghorofani akikimbia ukaguzi, na tangu hapo msako haukuwa na saa wala adabu. Upo dukani unapigana na laoban juu ya bei, laoban ndiye tajiri wa duka, mara unasikia "Huzhao! Huzhao!" wanataka pasipoti, na watu wazima wenye wake na watoto wanajificha nyuma ya marobota. Lusajo hakutoka tena chumbani. Nilikuwa nampelekea chakula na kumkuta anasoma hesabu, madirisha yamefungwa, jasho linamtiririka.

"Dada, hivi mwenyekiti anajua kuhusu mimi?" aliniuliza siku moja.

"Anajua. Nilimwambia mwenyewe. Na ibara ya tisa ipo."

"Sawa," akasema, akarudi kwenye hesabu zake. Alikuwa hana wasiwasi kabisa, kwa sababu mimi sikuwa nao.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane mwenzetu William, muuza vipuri kutoka Arusha, akafariki ghafla kwa moyo. Msiba ugenini mnaujua. Mwili uko hospitali, karatasi zinatakiwa huku na kule, nyumbani wanapiga simu wanalia. Revocatus alihangaika, hilo silikatai. Alikwenda ofisi moja hadi nyingine na Kichina chake cha kubabaisha, akapata vibali vyote vya kuusafirisha mwili. Watu walikuwa wanamwangalia kama malaika. Siku ya kuaga ikapangwa kuwa Jumatano mchana, kwa Mama Getrude.

Jumatatu akanipigia simu. "Dada Katibu, kontena letu linafungwa Nansha Jumatano. Mzigo wako umo na wangu umo. Mimi nina msiba mabegani. Nenda wewe ukasimamie, tafadhali, nakuamini wewe tu."

Nansha si karibu, ni mwisho wa mji kusini, siku nzima inakatika huko. Nilisikitika kumkosa William, lakini nilikwenda. Nilisimama juani pale bandarini nikiangalia marobota yangu yakiingia, nikimwombea marehemu kimoyomoyo, na nikajiona mtu muhimu: nimeaminiwa. Leo nikikumbuka jinsi nilivyosimama pale na kofia yangu, natamani nijizabe kibao.

Niliporudi jioni, mgahawa ulikuwa umebaki na viti na harufu ya pilau. Mama Getrude alikuwa anafuta meza.

"Umekosa, mwanangu. Kaagwa vizuri. Na mwenyekiti kaongezewa nguvu."

"Nguvu gani?"

"Si aseme na hawa serikali wa hapa kwa niaba yetu sote, bila kuitisha mkutano kila mara. Mpaka hali itulie. Alisema marehemu angeweza kukwama kule hospitali kwa sababu ya taratibu. Ile ibara ya tisa, sijui, imesimamishwa kidogo. Tukapiga makofi."

Niliweka mkoba chini. "Mama Getrude, msibani? Mlibadili katiba msibani? Kwa makofi?"

"Sasa mwanangu," akasema, naye kweli alikuwa ananishangaa, "picha ya William iko pale mbele, na mtu aliyemhangaikia ndiye anaomba. Nani angekunja mikono?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini nilipelekwa Nansha. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Angeweza kuniomba kura, ningepinga, angeshindwa au angeshinda. Badala yake alinitafutia jua la kusimama.

Nilimkuta ofisini kwake, chumba kidogo chenye masanduku mpaka darini. Hakujificha. Alinikaribisha kiti.

"Ni ya dharura tu, Dada Dainess."

"Makofi si kura. Ni maneno yako, kwa mwandiko wako."

"Ulitaka niwaambie wafiwa wanyooshe mikono tuhesabu?"

"Nilitaka usubiri wazike!"

Akacheka kidogo, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka dawa. Akasema mkutano rasmi utaitishwa mwili ukishafika nyumbani, kila kitu kitawekwa sawa, nisijali. Nikamwambia nataka mkutano Jumapili ile ile. "Jumapili," akasema, "sawa." Na akanipa mkono.

Haikufika Jumapili.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Guangyuan Xilu, wapagazi wananipita na mabunda kichwani, ndipo Mama Getrude aliponipigia simu akisema njoo, njoo, njoo, bila kumaliza sentensi. Nilikimbia kutoka kwenye teksi mpaka mlango wa jengo la Lusajo. Askari walikuwa wanamshusha ngazi. Amevaa bukta na kandambili, kalamu bado iko mfukoni mwa shati. Nyuma yao, mwenye bahasha ya pasipoti ya mdogo wangu mkononi, anawatafsiria askari kwa sauti ya chini na ya adabu, alikuwa Mwenyekiti wetu.

Lusajo aliponiona alijitahidi kutabasamu. "Dada, mwenyekiti amekuja kunisaidia," akasema.

Mtoto wa watu alidhani anasaidiwa.

Revocatus nilimpata mchana kwa Mama Getrude, kwenye meza ile ile ya katiba, mbele yake kikombe cha chai. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, lakini sauti ilikuja ndogo, nikajishangaa.

"Umewapeleka wewe."

"Keti, Dada Dainess."

"Umewapeleka wewe?"

"Walitaka jengo zima," akasema. "Wangefagia ghorofa zote, watu wetu thelathini, arobaini, sijui. Mkuu wao aliniambia waziwazi: nionyeshe kwamba mnaweza kujisimamia, nipe wachache ambao hawana viza kabisa, wengine sitawagusa. Nikatoa majina matatu. Nilikuwa na mamlaka ya kutoa. Ibara ya tisa ilikuwa imesimamishwa."

"Lusajo alibakiza wiki chache. Ulijua."

"Nilijua."

"Ungeniambia ningemhamisha! Ningempeleka Foshan, ningemficha chini ya kitanda!"

"Ndiyo maana sikukuambia."

Mama Getrude alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, hasogei. Nikamuuliza Revocatus swali ambalo hata sikujua ninalo. "Viza yako wewe imebaki muda gani?"

Akazungusha kikombe. Kwa mara ya kwanza macho yake yalikwepa yangu. "Wameniongezea mwaka," akasema.

Nilitaka kummwagia ile chai. Mungu ni shahidi yangu, mkono ulishafika mezani. Nikasema, "Yule mhadhiri wako wa Minsk, uliyetulilia hapa kwa ajili yake, angekuona leo angesemaje?"

Aliweka kikombe chini, nikadhani nimemchoma mahali panapouma. Kisha akasema, taratibu, hana hata hasira:

"Mhadhiri wangu, baada ya ile kura ya mwaka 1996, waliitwa watu wa kuandika sheria mpya zifanane na katiba mpya. Na yeye alikwenda. Alipewa ofisi yenye zulia. Nilimtembelea kumuaga. Aliniambia, Revocatus, nchi lazima iendeshwe na mtu, bora awe anayeijua sheria. Hilo sikuwahi kuwasimulia kwa sababu lilinitia aibu. Sasa halinitii aibu. Namwelewa."

Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika kwa kweli, si pale ngazini. Nilitambua kwamba mtu huyu hakuwa ameisahau ile hadithi yake. Aliikumbuka yote, mpaka mwisho, na alichojifunza ndicho hicho.

Lusajo walimshikilia kwa muda kisha wakamrudisha nyumbani kwa tiketi niliyomnunulia. Muhuri kwenye pasipoti yake ulisema haruhusiwi kuingia kwa miaka mitano. Alinipigia akiwa Dar, kwa mjomba wetu, sauti inakwaruza.

"Dada, usigombane nao. Utakaa na nani huko?"

"Eti Mama Getrude anasema siku ya kumuaga William ulikwenda?" nikamuuliza. "Na nilikukataza kutoka?"

"Nilichomoka mara moja tu. William alikuwa ananiita injinia, nisingeacha kumuaga."

"Mwenyekiti alipoomba zile nguvu ulikuwepo?"

Simu ilikoroma kidogo. "Nilikuwepo."

"Ukafanya nini?"

"Nilipiga makofi, dada. Kila mtu alipiga."

Nilimwambia alale, apumzike. Kisha nikakaa sakafuni nikalia mpaka jirani yangu Mchina akagonga ukuta.

Lakini mimi ni mtu wa kisirani, na katiba ilikuwa bado ipo. Ibara ya kumi na moja iliruhusu Katibu kuitisha mkutano wa dharura akipata saini za wanachama ishirini. Nilizunguka Dengfeng nzima. Wengine walinikwepa, "Dada Dainess, nina mzigo unasubiri," na mzigo siuoni. Wengine walisaini kwa kuchungulia mlangoni kwanza. Hata Mama Getrude alisaini, herufi zake zikiyumba. Nilipata saini, nikabandika tangazo: ajenda moja, kurudisha ibara ya tisa, kura kwa mikono.

Jumapili hiyo mgahawa ulijaa. Revocatus alikaa kiti cha mbele, suti yake ya kijivu, akaniachia nafasi nizungumze. Nilisema yote. Nilitaja Nansha, nilitaja msiba, nilitaja kandambili za Lusajo. Nilitaja na mwaka mmoja wa viza. Watu walikuwa wanaangalia meza, mmoja anakwangua kitambaa kwa ukucha. Nikasema kama tutaiacha ilivyo, kesho ni mwingine, na kesho kutwa ni wewe, na wewe, na wewe. Nikawanyooshea kidole mmoja mmoja kama mwalimu wa darasa la pili.

"Wanaounga mkono ibara ya tisa irudi, wanyooshe mikono," nikasema.

Mkono wangu ukawa juu. Wa Mama Getrude ukafika usawa wa bega, ukasimama hapo. Mwingine hakuna. Watu zaidi ya arobaini, ishirini kati yao wamesaini, na wote walikuwa wameelekeza nyuso kwenye kile kiti cha mbele. Nikafikiri, basi, yamekwisha, nimeshindwa, angalau itaandikwa kwamba nilishindwa kwa kura.

Ndipo Revocatus alipoinuka. Alifunga kifungo cha koti, akatazama watu wote kwa uso wa huzuni nzuri, akanyoosha mkono wake wa kulia juu kabisa.

"Dharura imekwisha," akasema. "Katibu ana haki. Mimi mwenyewe naunga mkono."

Mikono ikachomoza chumba kizima. Hata wale wa mlangoni, hata wale waliokuwa wanatafuna. Nikaanza kuhesabu kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndivyo ibara ya nne inavyotaka, lakini macho yalikuwa yameingia maji na sikuona hesabu ya maana. Kauli moja. Ibara ya tisa ilirudi neno kwa neno kama nilivyoipendekeza mimi, safi, haina hata kovu, na haikuwa na mtu wa kumlinda, kwa sababu wale watatu walikwishaondoka.

Kisha kijana mmoja wa chuo akapaza sauti, "Mwenyekiti wetu ni muungwana!" na watu wakasimama. Walimpigia makofi, marefu, ya kutoka moyoni, viti vikisukumwa nyuma ili wasimame vizuri. Revocatus aliinamisha kichwa kuwashukuru. Halafu akanigeukia pale nilipokuwa nimesimama na karatasi yangu, akanisogelea sikioni ili nimsikie katika kelele zile.

"Umeona, Dada Katibu?" akaniambia, na nina hakika aliamini anachosema. "Katiba yetu inafanya kazi."